Soma pambizo kabla ya uso: jibu kuhusu picha za madaktari wa Marekani zilizochongwa katika karne ya 19

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, ninaishi Columbus katika jimbo la Ohio. Nilinunua bahasha yenye picha 14 za madaktari wa kale wa Marekani kwenye mnada wa vitu vya mzee mmoja aliyefariki. Muuzaji aliniambia kuwa ni picha halisi na kwamba madaktari wenyewe walizitia saini. Chini ya baadhi yake kuna maneno madogo sana: tano zina “Engd. by Samuel Sartain, Phila.”, nyingine zina “A. H. Ritchie” na “H. B. Hall & Sons, New York”. Tatu zina madoa ya rangi ya kahawia. Je, ni za kweli? Saini ni zao? Zina thamani gani? Na je, ninaweza kuzitia fremu nizipeleke Tanga, zikatundikwe sebuleni kwa wazazi wangu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha zote ulizozipiga kwa simu, na ninakushukuru kwa kukumbuka kupiga na migongo ya karatasi, maana wengi wanaoniandikia hunitumia nyuso tu. Nianze na majibu mafupi ili usisome kwa wasiwasi. Karatasi 12 kati ya hizo ni chapa za kweli za karne ya 19, zilizochapwa kutoka kwenye mabamba ya chuma yaliyochongwa kwa mkono. Mbili hazikuchongwa, ingawa nazo ni za zamani. Hakuna hata moja iliyotiwa saini na daktari mwenyewe. Bei yake sokoni ni ndogo. Tanga zinaweza kwenda, lakini si zote, na si kwa namna unayoifikiria.

Mtu akishika picha ya aina hii, jicho lake hukimbilia usoni. Katika chapa hizi uso ndio unaoweza kukudanganya zaidi, kwa sababu mchongaji alilipwa ili kila daktari aonekane mtulivu, mwenye busara, na aliyepata usingizi wa kutosha usiku uliotangulia. Habari za kweli ziko chini, kwenye pambizo, katika herufi ambazo nyingine ni ndogo kama punje za ufuta. Kwa hiyo shika kioo cha kukuzia, ukae karibu na dirisha, tuanze huko.

Maneno ya pambizoni kwa kawaida ni vifupisho vya Kilatini au vya Kiingereza, na kila kimoja kina mahali pake. Upande wa kushoto ndipo huandikwa jina la aliyechora sura ya kwanza: “pinx.” maana yake ni kwamba alichora kwa rangi, na “del.” kwamba alichora kwa kalamu au penseli. Upande wa kulia ndipo huwa jina la mchongaji, likifuatwa na “sc.” au “sculp.”, au likitanguliwa na “Engd. by” kama kwenye zako. Ukiona “exc.”, huyo ni mchapishaji. Chapa yako ya saba haina mchoraji kabisa, bali ina maneno yanayosema kwamba imetokana na dagerotipu, ile picha ya kamera juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha iliyotangazwa Paris mwaka 1839. Maneno hayo peke yake yanakuambia kwamba chapa haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1840, na pia kwamba daktari huyo hakukaa mbele ya mchoraji kwa siku kadhaa: alikaa mbele ya kamera kwa muda mfupi bila kujitikisa, kisha mchongaji akafanya kazi kwa miezi akiwa hajawahi kumwona. Ndiyo maana macho yake yamekaza hivyo. Wewe ulidhani ni mkali. Mimi nadhani alikuwa anajizuia asipepese.

Sasa majina. Sartain ni ukoo mzima. Baba, John Sartain, alizaliwa London mwaka 1808, akahamia Philadelphia mwaka 1830, na akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1897. Yeye ndiye aliyeifanya ijulikane sana Marekani mbinu ya mezotinti, ambayo kwanza bamba lote huparuzwa hadi liwe na vinundu vidogo vidogo vinavyoshika wino, kiasi kwamba ukilichapa wakati huo utapata weusi mtupu. Kisha mchongaji huanza kulilainisha pale anapotaka mwanga, akiutoa uso gizani kidogo kidogo. Mwanawe Samuel, aliyezaliwa mwaka 1830, ndiye mwenye chapa zako tano. Binti, Emily, naye alikuwa mchongaji, na aliongoza chuo cha usanifu cha wanawake mjini Philadelphia kwa zaidi ya miaka 30. Philadelphia ulikuwa mji wenye vyuo vya udaktari vya zamani na wachapishaji wengi wa vitabu vya tiba, kwa hiyo mchongaji wa mji huo hakuwa na haja ya kwenda mbali kuwatafuta madaktari.

Alexander Hay Ritchie alizaliwa Glasgow mwaka 1822 akafanyia kazi New York. Huenda umewahi kuona kazi yake bila kujua, kwa kuwa ndiye aliyechonga ule mchoro maarufu wa Francis Carpenter unaomwonyesha Rais Lincoln akiwasomea mawaziri wake Tangazo la Ukombozi wa watumwa. Henry Bryan Hall naye alitoka London, akafika New York mwaka 1850, na wanawe wakaingia katika kazi hiyo hiyo. Zingatia kwamba chapa zako zinasema “& Sons”, yaani “na Wanawe”. Haziwezi kuwa za miaka yake ya mwanzo New York, bali ni za wakati ambapo vijana walikuwa wamekwisha kuwa na mkono wa kuaminika. Umeona jinsi maneno mawili ya pambizoni yanavyokusaidia kukadiria tarehe ambayo uso usingeweza kukutajia.

Kwa nini feleji, yaani kile chuma kigumu cha mabamba yako, si shaba? Shaba ni laini, na bamba lake huanza kuchoka baada ya chapa mia kadhaa, au elfu chache likitunzwa. Mistari myembamba ndiyo hufa kwanza, na nyuso huanza kuonekana kama zimepakwa unga. Feleji hustahimili makumi ya maelfu. Mmarekani Jacob Perkins, mzaliwa wa Newburyport, Massachusetts, alikuwa miongoni mwa waliotengeneza njia ya kuilainisha feleji ili ichongwe na kisha kuifanya ngumu tena, na lengo lake la kwanza lilikuwa noti za benki, kwa maana noti zinahitaji kuchapwa kwa wingi na ziwe ngumu kughushi. Kuanzia miaka ya 1820 mbinu hiyo ikaingia katika vitabu. Bila feleji, kitabu cha wasifu wa madaktari chenye picha kadhaa ndani yake kingekuwa cha matajiri peke yao.

Uhusiano na noti si hadithi ya kale tu, maana unaweza kuupima sasa hivi kwa kilichomo mkobani mwako. Chukua noti ya dola moja, uiweke kando ya chapa mojawapo ya Samuel Sartain, na uzitazame zote mbili kwa kioo cha kukuzia. Sura ya George Washington kwenye noti hiyo imetokana na mchoro wa Gilbert Stuart, na imechongwa kwa ufundi ule ule. Shavuni utaona nukta na vistari vifupi vinavyoufuata mviringo wa nyama, vikikaribiana chini ya taya na kuachana kwenye paji la uso. Kwenye koti utaona mistari mirefu inayokatana, na kila mstari unaanza mwembamba, unanenepa, kisha unakonda tena unapoishia, kwa sababu patasi ndogo ya mchongaji iliingia kidogo, ikazama, ikainuka. Mahali ambapo nyuma ya kichwa pana kivuli laini chenye mistari iliyonyooka kupita uwezo wa mkono wa binadamu, jua kwamba hapo ilitumika mashine ya kupigia mistari. Daktari wako wa tatu ana kivuli cha namna hiyo. Bega lake la kulia, hata hivyo, ni la mkono mtupu, na unaweza kuona mahali ambapo mchongaji alikosea nafasi kidogo, kisha akaziba kosa kwa kuongeza nukta katikati ya mistari. Mimi hupenda makosa ya aina hiyo kuliko picha nzima.

Kisha inamisha karatasi ili mwanga wa dirisha uipige kwa ubavu. Katika uchapaji huu wino hupakwa kwenye bamba lote, halafu bamba hufutwa hadi wino ubaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo huwekwa juu, na vyote hupitishwa kwenye mashine kwa mgandamizo mkubwa. Karatasi huingia ndani ya mifereji na kuuchota wino. Ndiyo maana wino wa mchongo hukaa juu ya karatasi kama uzi wa darizi, na kwenye noti mpya unaweza kuuhisi kwa ukucha. Kwenye chapa zako tumia macho, usitumie ukucha, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki na baada ya miaka huwa doa. Mgandamizo huo huo huacha alama ya ukingo wa bamba, yaani bonde dogo la mstatili kuizunguka picha. Kwako linaonekana kwenye karatasi nne tu, na hilo lisikutie shaka, kwa kuwa bamba mara nyingi lilikuwa pana kuliko ukurasa, na mtengeneza jalada alipokata kingo za kitabu alilikata bonde pamoja nazo.

Sasa zile mbili. Namba 6, yule mzee mwenye ndevu za kidevu tu, ni litografia. Imechorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, na ukiikuza utaona chembechembe kama za chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa chokaa usiolainishwa. Wino wake umelala bapa, wala hakuna bonde la bamba. Ni kazi ya heshima, ila si mchongo. Namba 13 ni ya baadaye zaidi: ni picha ya kamera iliyochapwa kwa nukta za mashine, mbinu iliyoenea katika miaka ya 1880 na ambayo kufikia mwisho wa miaka ya 1890 ilikuwa imewaondolea wachongaji wengi riziki yao. Tazama nukta zake: zimepangwa kwa safu zilizonyooka kama matundu ya chandarua, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Nukta za mchongaji hufuata shavu. Nukta za mashine hazijui kama kuna shavu.

Usione haya kwa kutolitambua hilo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado ninajifunza, nilinunua kwa bei ya kuumiza picha ya Valentine Mott, yule daktari wa upasuaji wa New York aliyepata umaarufu mwaka 1818 kwa kuufunga mshipa mkubwa wa damu karibu kabisa na moyo wa mgonjwa aliye hai. Ilikuwa ndani ya fremu nzuri yenye kioo kilichofifia, na muuzaji, ambaye simtaji, aliapa kwamba ni mchongo wa wakati wa uhai wa Mott. Nilipofika nyumbani nikaitoa kwenye fremu, nikakuta chandarua. Ilikuwa imekatwa kutoka kitabu kilichotolewa muda mrefu baada ya Mott kufariki mwaka 1865. Tangu siku hiyo sinunui picha iliyo nyuma ya kioo bila kuomba ifunguliwe.

Kuhusu saini, hapa muuzaji wako alikosea, na pengine hakukusudia. Ilikuwa desturi kuichukua saini ya daktari kutoka barua yake, kuichonga kwa kuigeuza kwenye bamba lile lile, na kuichapa chini ya sura yake. Ikuze saini ya namba 2. Wino wake umeinuka sawasawa na wino wa koti, una weusi ule ule, na pale ambapo kalamu ya kweli ingeachia wino mwingi mwishoni mwa herufi, hii inakwisha kwa ncha kali ya patasi. Saini ya kalamu ya wino ya zama hizo mara nyingi hugeuka kahawia, huzama ndani ya karatasi, na pengine huonekana kwa nyuma. Migongo yako ni mieupe. Kuna saini moja ambayo ingeongeza thamani kama ungeipata, nayo ni ya mchongaji, kwa penseli, chini ya chapa za kwanza zilizotolewa kabla maneno hayajachongwa kwenye bamba. Zako zote zina maneno.

Zilitoka wapi basi? Matundu madogo ya uzi upande wa kushoto na mng'ao wa dhahabu kwenye ukingo wa juu wa karatasi tano za Samuel Sartain yanaonyesha wazi kwamba ni kurasa za kitabu. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni kitabu cha wasifu wa madaktari wa Marekani kilichohaririwa na William B. Atkinson na kutolewa Philadelphia mwaka 1878, ambacho picha zake zilichongwa na Samuel Sartain. Maktaba ya Taifa ya Tiba iliyoko Bethesda, Maryland, imeweka mtandaoni, bila malipo, picha nyingi za madaktari. Andika jina la kila mmoja, kisha ulinganishe pambizo na pambizo. Usishangae ukikuta sura ile ile ikiwa na jina la mchapishaji mwingine, kwa sababu mabamba yaliuzwa na kukodishwa, na maneno ya chini yalifutwa na kuchongwa upya.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wakusanyaji wengi hawapendi kulisikia. Vitabu vya wasifu vya nusu ya pili ya karne hiyo, hasa vile vya wilaya na majimbo, mara nyingi vilichapwa kwa fedha za waliomo ndani yake. Daktari aliyetaka picha yake ya feleji iwekwe alilipia, au familia yake ililipia baada ya yeye kufariki. Kwa hiyo kuwamo katika kitabu hakuthibitishi kwamba alikuwa daktari bora kuliko jirani yake. Kunathibitisha kwamba alikuwa na uwezo, au mjane mwenye uwezo. Ndiyo maana utaona wote wamevaa koti jeusi, shati jeupe na tai, uso umegeuzwa robo, mikono haionekani, na hakuna kisu, damu wala mgonjwa. Ni mavazi ya mtu anayeomba aaminiwe.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo nitakuomba ulitazame koti hilo kwa jicho la kazi yako. Mwaka 1875 Thomas Eakins alimchora Samuel D. Gross, daktari mashuhuri wa upasuaji wa Philadelphia, akiwa darasani katika Chuo cha Tiba cha Jefferson, mbele ya wanafunzi, mgonjwa akiwa mezani paja lake limepasuliwa. Gross amevaa koti lile lile jeusi la picha za kuchongwa. Tofauti ni kwamba hapa mkono unaonekana, umeshika kisu, na una damu. Kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1876 mjini humo mchoro huo ulikosa nafasi katika jumba la sanaa, ukatundikwa miongoni mwa vifaa vya hospitali ya jeshi. Na mkuu wa idara ya sanaa ya maonyesho hayo alikuwa John Sartain, ingawa simtwishi yeye lawama ya uamuzi huo. Mwaka huo huo Joseph Lister, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, alifika Philadelphia kueleza njia yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki, na Gross hakuiamini. Koti la heshima unaloliona kwenye bahasha yako ndilo walilolivaa wakati wa kupasua, siku baada ya siku, bila kulifua kila mara. Mchongaji alilichonga kwa mistari safi inayokatana, na doa hata moja halikuonekana.

Unapaswa pia kujua ni nani asiyekuwamo kwenye bahasha. James McCune Smith, mtu mweusi wa New York, alikataliwa na vyuo vya nchi yake, akaenda Glasgow na kupata shahada ya udaktari mwaka 1837, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi. Alirudi akafungua zahanati na duka la dawa, na kwa miaka mingi akawa daktari wa kituo cha watoto yatima weusi mjini humo, hadi kilipochomwa moto na wafanya ghasia Julai 1863. Sura yake ilichongwa na Patrick Henry Reason, naye mtu mweusi, ambaye alisoma katika shule ile ile ya watoto weusi aliyosoma Smith, na ambaye mchoro wake ulichapwa kitabuni akiwa na miaka 13. Baadaye Reason alihamia Cleveland, mji wa jimbo lako hilo la Ohio, na akafia huko mwaka 1898. Mchongo huo ni adimu kuliko vyote ulivyo navyo vikijumlishwa, na ninautaja ili ukiona kwenye mnada jina “P. H. Reason” pambizoni usilipite.

Kwa upande mwingine, ukikuta J. Marion Sims, nunua ukitaka lakini ujue unamtundika nani. Katika miaka ya 1840, huko Montgomery, Alabama, alifanyia majaribio ya upasuaji wanawake waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi; tunayajua majina ya watatu, Anarcha, Betsey na Lucy, na Anarcha alipasuliwa mara zipatazo 30. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Picha za kuchongwa za Sims zipo. Za wanawake hao watatu hazipo.

Bei, basi. Chapa ya kitabuni ya daktari asiyejulikana nje ya wilaya yake huuzwa kwa makumi ya dola, si mamia, na nyingi hukaa dukani miaka bila mnunuzi. Kinachopandisha bei ni jina linalohusishwa na tukio: Ephraim McDowell wa Danville, Kentucky, aliyemtoa mwanamke uvimbe wa ovari mwaka 1809 bila dawa ya usingizi, naye akapona, William Morton, daktari wa meno aliyeonyesha matumizi ya etha, yaani dawa ya usingizi, mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, Crawford Long wa Georgia, aliyeitumia etha tangu mwaka 1842 lakini akachelewa kuandika, au Oliver Wendell Holmes, ambaye wapenzi wa mashairi nao humtafuta, hivyo ana wanunuzi wa aina mbili. Katika bahasha yako hakuna hata mmoja wao. Usiziuze. Na usishawishike kununua vitabu vizima ili uvichane kurasa, kwani biashara hiyo imekwisha kuharibu vitabu vingi kuliko mchwa.

Madoa ya kahawia kwenye zile tatu ni ya unyevu wa zamani, na hayaendelei karatasi ikikaa pakavu. Usiyaoshe, usitumie dawa ya kung'arishia nguo, wala usikubali fundi wa fremu azibandike kwa gundi au utepe wa plastiki, wala kuzifunga kwenye nailoni ya moto. Mwambie atumie kadi isiyo na asidi mbele na nyuma, na azishikize kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka. Kioo kisiiguse picha.

Tanga ni jambo jingine. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, na karatasi hizi hupenda kiasi cha asilimia 35 hadi 50. Kuvu, mchwa, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda wanga watazipata haraka. Chagua mbili, zile za Ritchie zenye karatasi nene, zitundikwe kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala mvua, zikiwa na vipande vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Nyingine zibaki nawe Columbus ndani ya boksi lisilo na asidi, zikiwa zimelala.

Na kama wazazi wako watauliza madaktari hawa wa mbali wanahusu nini Tanga, kuna jina moja ambalo ningekushauri ulitafute kwenye minada ijayo. William Ruschenberger alikuwa daktari wa jeshi la majini la Marekani, na baadaye rais wa Chuo cha Madaktari cha Philadelphia. Mwaka 1835, akiwa kwenye meli ya Peacock iliyokuwa ikienda Maskati na hati ya mkataba kati ya nchi yake na Sayyid Said, alitua Unguja, akaandika aliyoyaona katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1838. Ukiipata sura yake, nitumie kwanza picha ya pambizo.